Ndimu, maua, udi au vanila: kuchagua manukato yanayoendana na mtu ulivyo, ukiwa Dodoma

Ukisimama mbele ya kabati la manukato kwenye maduka ya Majengo au mitaa ya katikati ya mji, swali la kwanza la muuzaji huwa ni lile lile: unataka ya kiume au ya kike? Ni swali lenye nia njema, lakini halikusogezi mbali. Waridi ambalo huku kwetu huwekwa kwenye boksi la pinki, Oman hupakwa na wanaume watu wazima bila mtu kushangaa. Kinachotofautisha chupa zile ni familia ya harufu iliyomo ndani, na cha kujiuliza ni wewe ni mtu wa namna gani, unashinda wapi, na unataka watu wakusikie ukiwa umbali gani.

Manukato hayapimi tabia ya mtu wala hayaibadili. Kazi yake ni kutangulia. Mtu anapoingia ofisini, kwenye daladala au kwenye kikao cha ukoo, harufu yake humsemea neno kabla hajasalimia, na waliopo humpokea kwa neno hilo. Taabu inakuja pale harufu inaposema hili na mwenyewe ni lile. Binti mwenye soni akijipulizia udi mzito unaojaza ukumbi, kila mtu atamgeukia, na yeye kugeukiwa ndicho asichokitaka. Atayaacha manukato yale kabatini baada ya wiki mbili na kusema hayakumpenda.

Hapa tunalinganisha familia nne zinazopatikana kwa urahisi: ndimu na machungwa, maua, udi na miti, na harufu tamu za vanila.

Vipimo tunavyotumia

Kila familia tunaiangalia kwa mambo matano. La kwanza ni umbali: harufu inaishia shingoni, inafika urefu wa mkono, au inabaki chumbani baada ya wewe kutoka? La pili ni muda inaodumu kwenye ngozi. La tatu ni neno inalomsemea mvaaji. La nne ni mahali na saa inapokaa vizuri. La tano ni kasoro zake, kwa sababu kila familia ina namna yake ya kuharibika. Mwisho wa kila moja tunasema inamfaa nani.

Kwanza, hewa ya Dodoma

Huwezi kulinganisha manukato bila kusema yatavaliwa wapi. Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake huja kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili. Miezi inayobaki hewa ni kavu. Ngozi inapauka, midomo inapasuka, na upepo wa kipupwe unabeba vumbi. Watumishi wengi waliohamia huku Serikali ilipoanza kuhama Dar es Salaam mwaka 2016 walikuja na manukato waliyoyazoea pwani, wakaona yanaisha kabla ya saa nne asubuhi, wakadhani wameuziwa feki. Mara nyingi si feki. Ngozi kavu haina mafuta ya kushikilia harufu, na jua likiwa kali harufu huruka upesi zaidi.

Dawa yake ni ndogo. Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu sehemu utakazopulizia: pande mbili za shingo, ndani ya viwiko, kifuani. Tabaka jembamba tu, la kung'aa bila kuteleza. Subiri dakika mbili au tatu, kisha pulizia ukiwa umbali wa shibiri moja hivi. Usisugue ulipopulizia. Kusugua kunaongeza joto, na harufu za mwanzo zinaruka kabla hujazifaidi.

Angalia pia maandishi ya Kifaransa kwenye boksi, maana ndiyo yanayokueleza nguvu. Eau de cologne huwa na mafuta ya manukato asilimia 2 hadi 5 hivi, eau de toilette asilimia 5 hadi 15, eau de parfum asilimia 15 hadi 20, na extrait hupita hapo. Kinachobaki karibu chote ni spirit, yaani alkoholi, na maji kidogo. Kwa kiangazi cha Dodoma, eau de toilette inayodumu saa nne pwani inaweza kukupa mbili na nusu.

Ndimu na machungwa

Humu kuna ndimu, limau, chungwa, bergamoti, na mara nyingi lavenda au mnanaa. Ni familia kongwe: nyumba ya manukato ya Farina ilianzishwa mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1709, na jina la mji huo ndilo lililozaa neno cologne. Kati ya zinazojulikana zaidi leo zipo cK One ya mwaka 1994, iliyouzwa tangu mwanzo kwa wanaume na wanawake pamoja, na Acqua di Giò ya mwaka 1996.

Dakika 10 za mwanzo harufu inafika mbali, hata hatua tatu. Baada ya hapo inanywea haraka mpaka inabaki karibu na ngozi. Muda ni saa 1 hadi 3, kwa sababu molekuli za ndimu ni nyepesi na huruka mapema. Chupa nzuri za familia hii huwekewa miti au miski chini yake ili kubaki na kitu ndimu ikishaondoka. Ndiyo maana mbili za bei tofauti zinaweza kufanana dukani na kutofautiana kabisa saa nane mchana.

Neno lake ni usafi. Mtu amelala vizuri, ameoga, amekuja kufanya kazi, hana makuu. Wapo watakaosema haina siri ndani yake, na ni kweli. Mtu anayependa aulizwe amejipulizia nini hatoulizwa akivaa hii. Inakaa vizuri asubuhi, ofisini, darasani, na kwenye joto la Oktoba na Novemba pale familia nyingine zinapolemea.

Kasoro zake ni mbili, na ya kwanza ni ya afya. Mafuta ya bergamoti na ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda huweza kuwa na viini vinavyoifanya ngozi iungue ikipigwa na jua, ikabaki na mabaka meusi. Watengenezaji makini huviondoa au huvipunguza, lakini mafuta ya kupima, yale yanayochanganywa dukani, na chupa zisizojulikana zilikotoka hazina uhakika huo. Kwa jua letu, pulizia kwenye nguo au sehemu iliyofunikwa, usipulizie shingo iliyo wazi kisha ukapanda bodaboda saa saba mchana. Kasoro ya pili ni kwamba ndimu ya bei rahisi hunukia sabuni ya vyombo, na hakuna cha kuirekebisha.

Inamfaa mtu mkimya, mtu wa mipango, na anayekaa karibu na watu siku nzima: mwalimu, muuguzi, karani wa benki. Inamfaa pia mchangamfu ambaye sauti yake tayari inajaza chumba na hahitaji kuongezewa. Tembea na kichupa cha mililita 5 uongeze mara moja mchana, uache hapo.

Maua

Hii ndiyo familia yenye watoto wengi, na kuzungumzia "harufu ya maua" kana kwamba ni moja ni kuwadanganya wanunuzi. Waridi, asumini, ilangilangi na maua meupe mazito kama tuberosi ni watu wanne tofauti kabisa. Chanel No. 5 iliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921 ina waridi, asumini na ilangilangi kwa pamoja. J'adore ya mwaka 1999 nayo ni shada la maua mengi. Ilangilangi kwa sehemu kubwa inatoka kwa majirani zetu wa Komoro.

Umbali wa kawaida ni urefu wa mkono, ila asumini na tuberosi hupita hapo bila kuomba ruhusa. Muda ni saa 3 hadi 5.

Kwenye neno linalosemwa, tuyatenganishe. Waridi husema heshima na utu uzima. Mtu anayelivaa huonekana anajali, ana utaratibu, na anakumbuka kukujulia hali ya mama yako. Likichanganywa na udi huwa zito na linavaliwa na mwanamume bila wasiwasi wowote. Asumini husema ukaribu. Ni ua la usiku, huku pwani likitungwa vikuba na kuwekwa kitandani, na kwenye chupa bado limebeba habari hiyo. Ilangilangi ina utamu wa uvivu wa mchana, inamkaa mtu mtulivu asiye na haraka. Maua meupe mazito ni ya mtu asiyeogopa kutazamwa. Ukiyavaa halafu ukakaa kona ya mwisho na kuinamisha kichwa, harufu na wewe mtapingana jioni nzima.

Mahali: waridi linakwenda popote, kuanzia ibada ya Jumapili hadi kikao cha bajeti. Asumini na wenzake wazito wasubiri jua lizame. Kasoro iko hapo hapo. Asumini kwa asili ina kiini kinachoitwa indoli, ambacho kikiwa kidogo hufanya ua linukie kama ua lililo hai, na kikizidi hukaribia harufu ya naftalini. Joto na jasho huisukuma mbele. Mtu aliyejipulizia mara sita na kupanda daladala iliyojaa kwenda Mtumba saa moja na nusu asubuhi hatakuwa amewakosea adabu kwa makusudi, lakini waliobanana naye watateremka na kichwa kinagonga. Mara mbili zinatosha kwa maua mazito. Waridi jepesi linaweza kwenda nne.

Inamfaa mtu mwenye moyo wa kuhudumia watu, anayependa kupendeza bila kushindana. Kwa mwenye soni, waridi lililochanganywa na majani mabichi au chai ndilo mahali pazuri pa kuanzia.

Udi, miti na miski

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndiko watu wanakopoteza fedha nyingi zaidi na ndiko kuna faida kubwa zaidi kwa anayejua.

Udi wa kweli ni sehemu ya ndani ya miti ya jenasi Aquilaria ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Mti ukijeruhiwa na kuingiliwa na kuvu hujihami kwa kutoa utomvu mweusi wenye harufu. Mti usioumia hautoi kitu. Ndiyo sababu ni ghali. Kwenye chupa za Ulaya umeingia kwa kishindo baada ya M7 ya Yves Saint Laurent mwaka 2002 na Oud Wood ya Tom Ford mwaka 2007, lakini watu wa pwani yetu na wa Kondoa, ambako Uislamu umeota mizizi tangu njia za misafara, hawakuhitaji kungoja hadi hapo.

Unaupata kwa namna tatu. Chupa za kupulizia, ambazo nyingi ni udi wa kutengenezwa maabara na hakuna ubaya ukiwa umetengenezwa vizuri. Mafuta yasiyo na spirit, yanayouzwa kwa tola. Tola moja ni gramu 11.66, na dukani huhesabiwa mililita 12, nusu yake 6, robo 3. Na vipande vya kufukiza nguo.

Umbali unategemea namna. Mafuta hukaa karibu: anayekukumbatia atasikia, wa meza ya pili hatasikia. Chupa za kupulizia hufika chumba kizima. Nguo iliyofukizwa hutoa harufu kila unapojigeuza, na haimpigi mtu usoni. Muda ni mrefu kuliko wote, saa 8 na zaidi kwenye ngozi, siku kadhaa kwenye kitambaa, kwa kuwa molekuli zake ni nzito na haziruki haraka hata kwenye hewa yetu kavu. Kwa hesabu ya kuvaliwa, mafuta huwa nafuu kuliko yanavyoonekana. Matone matatu kwa siku, moja nyuma ya kila sikio na moja kwenye kiganja, na tola moja itakupeleka zaidi ya miezi miwili. Chupa ya kupulizia ya mililita 50 ina mipulizo 500 hivi. Ukitumia minne kwa siku ni takribani miezi minne.

Kufukiza nguo kuna utaratibu wake. Washa kaa moja dogo mpaka lifunikwe na majivu meupe. Liweke kwenye chetezo, nyunyiza majivu kidogo juu, kisha weka kipande cha udi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kikianza kutoa moshi mwembamba wa buluu, tandaza nguo juu ya kitenga au kiti kilicho wazi, nusu mita kutoka kwenye chetezo, kwa dakika 5 hadi 10. Moshi ukiwa mzito na mweusi, kaa ni kali mno: udi unaungua badala ya kufuka, na nguo itanukia jiko. Pamba na sufu hushika harufu vizuri. Vitambaa laini vya polista vinaweza kuyeyuka vikisogezwa karibu. Fungua dirisha, maana hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua, na baridi ya Julai huwashawishi watu kufunga.

Neno lake ni uzito. Mtu ametulia, ana kwao, ana mamlaka asiyoyapigia kelele. Anayesema kidogo na kusikilizwa anapendeza nalo kuliko mtu yeyote. Akiuvaa udi kwa wingi kijana anayetaka kuonekana mkubwa, watu husoma majivuno hata kama hana. Si kwamba kijana hapaswi. Aanze na sandali au sida (mwerezi), miti ile ile lakini yenye sauti ya chini, na udi auache kwa sikukuu.

Kasoro. Kwanza, vipande vya udi feki ni vingi: mbao za kawaida zilizoloweshwa mafuta ya manukato. Ukivifunga kwenye karatasi usiku mmoja huacha doa la mafuta, vina weusi unaofanana pande zote, na hunukia kwa nguvu hata kabla ya kuona moto. Kipande cha kweli mara nyingi hunyamaza kikiwa baridi, kina mistari ya kahawia na myeusi isiyopangika, na kikipata joto utomvu wake huchemka taratibu juu ya ubao. Pili, miski. Zamani ilitoka kwenye tezi ya paa wa miski; leo karibu yote ni ya maabara, na baadhi ya watu pua zao hazisikii aina fulani za miski kabisa. Mtu wa namna hiyo hujipulizia akiona haitoki kitu, wakati wenzake wanatafuta dirisha. Ukinunua yenye miski nyingi, mwombe mtu mwingine akunuse kabla hujaamua kiasi.

Na sandali ina jambo la kwetu. Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, huota katika nyanda kavu kama hizi zetu, na kwa kuwa mafuta yamejaa zaidi kwenye mizizi na shina, wanaoutafuta huung'oa mzima. Tangu mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda mimea na wanyama wasimalizwe na biashara. Inasikitisha kuona kilima kimeachwa na mashimo kwa ajili ya gunia la kuni za kusagwa. Akija mtu kukuuzia mizizi ya msandali mtaani bila karatasi yoyote, usinunue.

Inamfaa mtu mtaratibu, mwenye kupenda desturi, anayeongoza vikao. Inamfaa pia yeyote anayechoshwa na kujipulizia mara kwa mara.

Vanila na harufu tamu

Angel ya Mugler, mwaka 1992, ndiyo iliyofungua mlango huu kwa harufu ya sukari iliyoungua na pachuli. Black Opium ya mwaka 2014 ikaongeza kahawa. Humo utakuta vanila, karameli, lozi, kakao. Umbali ni mkubwa, hatua mbili au tatu, na muda ni saa 6 hadi 8.

Neno lake ni ukarimu na ucheshi. Mvaaji huonekana mtu wa watu, mwepesi kuzoeleka. Upande wa pili wa neno hilo ni kwamba kwenye usaili wa kazi au mbele ya kamati linaweza kukufanya uonekane mdogo kuliko ulivyo, na hilo linawaudhi wengi waliostahili kusikilizwa. Saa yake ni jioni ya baridi. Usiku wa Juni na Julai Dodoma unaiweka vanila mahali pake hasa; kwenye joto la Novemba inakaba koo.

Kasoro kubwa: vanilini hubadilika rangi ikikutana na hewa na mwanga. Majimaji ndani ya chupa yatakuwa ya kahawia, hiyo ni kawaida, lakini ukipulizia shati au kanzu nyeupe utaona doa la njano baada ya siku chache. Pulizia kwenye ngozi tu.

Inamfaa mchangamfu anayekaribisha, mwenyeji wa sherehe, na mtu mkali wa sura ambaye angependa watu wasimwogope wakimsogelea.

Ya kupima, kabla hujalipa

Maduka mengi huuza manukato ya kupima: muuzaji anavuta mafuta kwa sindano, anachanganya na spirit mbele yako. Kwa chupa ya mililita 30, mafuta 10 na spirit 20 ni kipimo cha nguvu kinachotosha. Akikupa mafuta 5, kwenye hewa hii utalalamika. Yakigeuka ukungu mweupe ujue spirit ina maji mengi. Spirit ya zambarau ya kusafishia isikaribie ngozi yako. Na ukifika nyumbani usijipulizie siku hiyo. Weka chupa gizani wiki mbili au tatu, ule ukali wa spirit utapoa na harufu itashikana.

Unapojaribu dukani, usizidishe tatu. Mbili kwenye karatasi, moja kwenye ngozi. Pua ikichoka toka nje uvute hewa au nusa kiwiko chako kisicho na kitu. Kisha ondoka. Tembea juani hadi Nyerere Square, fanya shughuli zako, na unuse tena baada ya saa moja na baada ya saa nne, kwa maana unachokinunua ni kile kitakachobaki saa nne baadaye. Kumbuka pia kwamba pua huizoea harufu yako ndani ya dakika 20 hivi. Kutoisikia mwenyewe si dalili kwamba imeisha.

Chupa ikae kabatini ndani ya boksi lake. Gari lililoegeshwa juani huharibu ndimu na maua ndani ya wiki chache. Udi na vanila huvumilia zaidi, lakini si milele.

Kwa hali yako

Unafanya kazi Mji wa Serikali Mtumba, ofisi ina kiyoyozi na meza zimebanana: ndimu yenye miti chini yake, au waridi jepesi, mipulizo miwili kabla ya kuvaa shati. Kiyoyozi hukausha hewa na kuzungusha harufu yako hadi kwa watu usiowaona.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye fedha kidogo na siku ndefu atafaidika na mafuta ya sandali au miski, mililita 3 au 6, tone moja asubuhi. Kama tabia yako ni ya utani na marafiki wengi, weka vanila ndogo ya kupima kwa ajili ya jioni.

Unauza sokoni Majengo, kwenye jua na mavuno ya zabibu yakiwa mezani: ndimu kwenye nguo, si kwenye ngozi, au usijipulizie kabisa siku ya biashara ya chakula. Mnunuzi wa tunda huamua kwa pua.

Kwa swala ya Ijumaa wapo wanaochagua mafuta yasiyo na spirit, na udi au waridi vimekuwepo hapo siku zote. Kanisani, ambako watu hukaa saa mbili bega kwa bega, kiasi ni muhimu kuliko familia: chochote ukipendacho, nusu ya unavyojipulizia kwingine.

Harusi au send-off ya usiku ni saa ya maua meupe, udi au vanila, kulingana na kama unakuja kutazamwa, kuheshimiwa au kucheza. Bibi harusi mwenye soni asilazimishwe asumini nzito na kamati; afukizwe nguo kwa udi kidogo siku moja kabla, na ngozini apake waridi.

Safari ya treni ya SGR kutoka Dar es Salaam: unaondoka kwenye unyevu unafika kwenye ukavu ndani ya saa chache. Usiongeze manukato ndani ya behewa. Paka mafuta ya mgando ukiwa umefika, kisha jipulizie.

Ukienda kwenye mizinga ya nyuki Manyoni au Singida, acha familia zote nne nyumbani. Harufu kali huwachokoza nyuki.

Ukimnunulia mtu zawadi, usianze na unayoyapenda wewe. Angalia sabuni na losheni anayorudia kununua, maana hapo ameshachagua familia yake bila kuulizwa. Kisha nunua vichupa viwili vya mililita 5 au 10 vya familia hiyo, kimoja chepesi na kimoja kizito, badala ya chupa moja kubwa. Kama ni lazima iwe kubwa, mwulize muuzaji kabla ya kulipa kama atakubali kubadilisha ikiwa karatasi ya nailoni ya boksi haijafunguliwa, na risiti uiweke wewe.